Niliizima filamu ya Ceddo kabla haijaisha, ukumbini Kibokoni. Niwaonyeshe vijana sehemu iliyobaki?

UkumbiWaJuu

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Nina jambo limenikaa kooni wiki ya pili sasa. Humu najua mna watu wa historia, wa sinema, wa dini, na Wamombasa wa kuzaliwa, kwa hiyo nawaomba mnisome mpaka mwisho ndipo mnijibu.

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya sala ya Isha, nawaonyesha vijana wa mtaani filamu moja. Ukumbi wenyewe ni chumba cha juu ya duka la vitambaa, hapa Kibokoni. Mwenye nyumba anatuachia bure, sharti tufagie ngazi. Shuka nyeupe ukutani, projekta ya kuazima, viti vya plastiki, dele la kahawa tungu na kashata. Wasichana hukaa upande wa dirishani, wavulana upande wa ngazi. Nilianza na watoto wanane. Mwezi uliopita walikuwa 31, pamoja na wazee watatu waliopanda kuona tunafanya nini.

Filamu niliyochagua ni Ceddo, ya Ousmane Sembène wa Senegal, ya mwaka 1977. Kwa asiyeijua: ni kijiji kimoja cha zamani, enzi za biashara ya watumwa. Mfalme amesilimu, wakuu wake nao wamesilimu, na imamu anakaa ubavuni mwake huku kila siku akikisogelea kiti. Pembeni yupo Mzungu mwenye bunduki na mvinyo. Hataki fedha, anataka watu. Yupo padri pia, na kanisa lake karibu ni tupu. Na wapo ceddo wenyewe, raia waliokataa kuacha mila yao, wanaokuja mbele ya mfalme na matita ya kuni vichwani. Mmoja wao anamteka binti mfalme, Dior Yacine, ili wakubwa wasikie kwa lazima kile walichokataa kukisikia kwa heshima.

Sembène hakuifanya kama sinema za vita tulizozoea. Watu wanakaa duara, wanasema mmoja baada ya mwenziwe, maneno yanapita kwa msemaji wa mfalme, na kila upande unajibu kwa methali. Ukitazama dakika ishirini hivi unajiona uko barazani. Halafu, bila kukuandaa, wakati unapasuka. Watumwa wanapigwa chapa ya chuma cha moto, na unachosikia si ngoma ya Senegal, ni kwaya ya Wamarekani Weusi inayoimba habari za kufika nyumbani siku moja. Muziki wa filamu ni wa Manu Dibango wa Kameruni. Padri naye anatazama mbele, na ghafla tunaona kile anachokiona yeye: misa ya miaka yetu hii, watu tele. Vijana wangu walicheka kidogo hapo, kisha wakanyamaza kabisa.

Filamu ni ya Kiwolofu, na maandishi ya chini ni ya Kiingereza. Wengine hawayafuati haraka, basi mimi hushika maikrofoni nikawa natafsiri, kama wafanyavyo wale wa mabanda ya video. Kila neno la filamu ile vijana walilisikia kwa sauti yangu. Likumbukeni hilo.

Tukafika pale mfalme anapokufa usiku, ati kaumwa na nyoka, na asubuhi imamu ndiye mwenye kiti. Ceddo wanakamatwa. Wanakalishwa chini, mstari mzima, wake kwa waume. Wembe unapita, nywele zinaanguka mchangani, kisha kila mmoja anaambiwa: wewe kuanzia leo ni fulani, na wewe ni fulani. Hakuna anayeulizwa alikuwa nani. Sembène mwenyewe yumo katika mstari ule, ananyolewa na kupewa jina kama wenzake.

Hapo ndipo mzee mmoja aliposimama. Ni maalim wangu, aliyenisomesha Kurani nikiwa na miaka sita, aliyenishika kidole juu ya herufi. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Zima, mwanangu." Nikazima.

Watu waliteremka bila kumaliza kahawa. Alibaki msichana mmoja wa miaka kumi na mitano, tukawa tunapachika viti pamoja. Akaniuliza, "Mwalimu, yule binti alirudi kwao?" Nikamwambia nitakwambia. Tangu siku hiyo nikikutana naye kwa mama wa mahamri asubuhi hasemi neno, ananitazama tu.

Sasa sehemu iliyobaki ndiyo nzito. Yule binti anarudi kweli. Watu wa imamu wamemuua aliyemteka na wamemleta mbele ya kijiji chote, na yeye anachukua bunduki na kumpiga imamu risasi. Walionyolewa wanawarukia wenye silaha na kuziba midomo ya bunduki kwa vinywa vyao. Filamu inaishia na uso wake.

Mimi ni Mwislamu, na sina kinyongo na dini yangu. Filamu hii naipenda kwa sababu moja, nitaisema japo ni nzito. Mamake nyanya yangu aliitwa Zafarani. Nyanya aliniambia mara moja tu, tukichambua mchele, kwamba hilo si jina alilokuja nalo. Alilokuja nalo hakuna anayelijua. Kisha akaniambia, usiliseme mbele za watu. Wanaojua majina waliyopewa watumwa zamani hapa Mvita wataelewa: Zafarani, Feruzi, Almasi, Mabruki, Faraji. Mazuri kama vito na manukato, na aliyeyachagua si mama wala baba wa mtoto.

Swali langu: niwarudishe watoto niwamalizie? Sitaki kumvunjia maalim heshima. Wala sitaki watoto 31 walale wakidhani hadithi inaishia pale watu waliponyolewa.

MtotoWaKengeleni

Mwanangu, nimekusoma mara mbili. Nina miaka 68, ni Mkristo, mtoto wa Freretown, nimezaliwa hatua chache kutoka ile kengele ambayo leo matatu zinaizunguka bila kuitazama. Wengi hudhani Kengeleni ni jina la steji tu. Kengele ile iligongwa kuwaita watu, na iligongwa pia kuwaonya kwamba wawindaji wa watumwa wamekaribia.

Utanisamehe nikienda mbali kidogo. Baada ya mkataba wa 1873 uliopiga marufuku biashara ya watumwa baharini, manowari za Waingereza zilikuwa zikikamata majahazi na kuwateremsha waliomo. Misheni ikanunua ardhi ng'ambo ya kisiwa, na mwaka 1875 kijiji cha Freretown kikaanza. Walioteremshwa pale waliitwa mateka. Waliotoroka wenyewe kwa mabwana zao na kukimbilia misheni ya Rabai waliitwa watoro. Hayo ni maneno mawili tofauti, na kwetu hayakuchanganywa: mtoro alijikomboa kwa miguu yake.

Babu wa babu yangu alikuwa mateka. Alipobatizwa alipewa jina la Mwingereza ambaye hakuwahi kumwona, na jina hilo ndilo ninalotumia mpaka leo kwenye kitambulisho. Nyanya yako na babu zangu wangekaa pamoja wangeelewana vizuri sana.

Ninachotaka kukwambia ni hiki. Katika filamu hiyo padri ni kama kivuli. Nimeiona, zamani, nikiwa kazini Nairobi, na nilitoka nikiwa nimeudhika, kwa sababu nilijua kwetu padri hakuwa kivuli. Misheni iliwaokoa watu wetu, iliwafundisha kusoma, iliwatibu. Na misheni hiyo hiyo, miaka ya 1880, iliwachapa viboko na kuwafungia watu waliokwisha kuitwa huru, mpaka habari zikafika Uingereza na watu wakatumwa kuchunguza. Yote mawili ni kweli, na mimi ni mjukuu wa yote mawili.

Na watoro wa Rabai je? Mabwana zao walipodai warudishiwe, mwaka wa 1888 kuingia 1889, kampuni ya Waingereza iliwalipa mabwana fidia ili watoro zaidi ya elfu moja wapewe karatasi za uhuru. Wenye kufidiwa walikuwa mabwana. Aliyelimishwa, aliyezalishwa, aliyepigwa, yeye alipewa karatasi. Kama Sembène angekuwa Mmombasa, nadhani angeianzia filamu yake kwenye meza ile ya kuhesabia fedha.

Kwa hiyo onyesha, mwanangu, na uionyeshe yote. Ila usiwaache watoto wako wa Kiislamu wadhani ni kwao tu kulikofanyika hivi. Nikialikwa nitakuja. Nitawaeleza habari za jina langu, na nitabeba nakala ya cheti cha ubatizo cha babu huyo wakione.

PwaniTu

Dada, sina ugomvi na wewe, na naona una nia safi. Lakini mimi nasema usionyeshe.

Unaishi Mombasa gani? Vijana wetu wanasimamishwa njiani kwa sababu ya kanzu na ndevu. Nina mpwa wangu wa miaka 19 aliyelala kituoni siku mbili kwa sababu alitoka msikitini saa ambayo askari hakuipenda. Mamake alikaa nje ya kile kituo na flaski ya chai mpaka ikapoa, akarudi nyumbani kuichemsha, akarudi tena. Leo umpandishe kijana huyo ngazi za ukumbi wako, aone imamu ndiye mwizi wa kiti, imamu ndiye mwenye wembe, na mwisho apigwe risasi mbele ya umati. Atatoka na nini? Na yule anayetaka kutusema vibaya, akipata kipande cha dakika moja kilichorekodiwa kwa simu, atasema hata wao wenyewe wanakubali.

Kitabu chetu kinasema hapana kulazimisha katika dini. Imamu wa filamu ile amelivunja neno la wazi kabisa, na filamu haina Mwislamu hata mmoja wa kumwambia hivyo. Mimi hilo ndilo linaloniuma. Si kwamba uovu haukutendeka. Mzee wa Kengeleni amesema kweli, na mabwana wengi wa hapa walikuwa wetu, wakisali safu ya mbele. Hilo silikatai. Lakini kuna hadithi ambayo ukiisimulia ndani ya nyumba inatibu, na ukiisimulia mlangoni inageuka fimbo ya jirani.

Mwalimu_wa_Jioni

Nafundisha historia sekondari, na masomo ya jioni Tononoka. Ndugu PwaniTu amegusa jambo ambalo wanahistoria walimsuta nalo Sembène. Nitalieleza, kwa sababu Dada atalihitaji akiamua kuonyesha.

Ceddo wa filamu ni raia wanyonge wanaoitetea mila. Ceddo wa historia ya Senegal walikuwa watu wengine kidogo. Walikuwa askari wa wafalme, wengi wao watumwa wa kifalme, na mara nyingi hao ndio waliovamia vijiji vya wakulima, wakakamata watu na kuwauza kwa Wazungu wapate bunduki na mvinyo. Na mkulima aliyevamiwa alikimbilia wapi? Mara nyingi kwa walimu wa Kiislamu. Futa Toro, kwenye mto Senegal, masheikh walipindua utawala mwaka 1776 wakiongozwa na Sulayman Bal, na baada yake Almami Abdul Kader alikataza Waislamu wasiuzwe utumwani na akawazuia Wafaransa kupitisha watumwa wa aina hiyo katika nchi yake. Imamu wa namna hiyo hayumo katika filamu, naye alikuwako.

Je, Sembène hakujua? Alijua vizuri. Hakuandika mwaka wowote kwenye filamu yake. Alichukua karne mbili au zaidi akazikunja katika kijiji kimoja na siku chache. Ndiyo maana kwaya ya Marekani inaingia, ndiyo maana misa ya kesho inatokea. Hakuwa anatunga somo la darasani. Alikuwa akiuliza, kila mara mtu anapopewa jina jipya na mwenye nguvu, nini kinafutwa? Na hakuwapamba ceddo wake: mna sehemu wanashauriana wafanyeje ili wapate bunduki, na wamo wanaokubali kumuuza jamaa yao. Sehemu hiyo iko karibu na pale ulipoizima. Isikupite.

Kuhusu kupigwa marufuku: serikali ya Rais Senghor iliizuia filamu hii nchini Senegal. Sababu iliyotolewa ilikuwa tahajia. Ndiyo, tahajia. Serikali ilisema neno ceddo kwa mujibu wa sheria yake liandikwe kwa d moja, na Sembène aliandika mbili akakataa kuiondoa moja. Senghor alikuwa Mkatoliki anayetawala nchi ya Waislamu wengi, na kila mtu alielewa kwamba ugomvi haukuwa wa herufi.

Tena, Dada, usisahau kwamba Mombasa ina hadithi yake ya jina, na iko katika kuta za Fort Jesus. Yusuf bin Hasan alikuwa mtoto wa sultani. Babake aliuawa kwa hila za Wareno, naye akachukuliwa mdogo hadi Goa, akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo Chingulia. Akarudishwa kutawala hapa kama Mkristo, na Wareno wakamdharau. Agosti 1631 aliingia ngomeni akamuua kapteni, akalirudia jina la Yusuf, na Wakristo wa mji wakatakiwa wachague kusilimu au kufa. Kanisa Katoliki linawakumbuka waliokufa kama Mashahidi wa Mombasa. Darasani kwangu nusu humwona Yusuf shujaa na nusu humwona muuaji, na mimi huwaacha wabishane mpaka kengele ilie. Anza na Yusuf wiki moja kabla. Akija imamu wa Sembène watakuwa wamekwisha kujua kwamba dini yoyote ikikaa juu ya ngome huanza kuhesabu vichwa.

Neno dogo la mwisho, la kisheria: maonyesho ya filamu kwa umma Kenya yanahitaji kibali na filamu iwe imepangiwa umri. Liangalie mapema, usije ukazimiwa na mwingine.

KuliKilindini

Mimi sijui mambo ya masheikh wala mapadri, ila naomba niseme moja. Huyu Sembène alikuwa kuli. Alibeba mizigo bandarini Marseille, Ufaransa, baada ya vita vya pili, kabla hajaandika kitabu wala kushika kamera. Mimi nimebeba Kilindini miaka kumi na minane, toka magunia yakibebwa kwa bega mpaka sasa kontena inabebwa na krini. Nilipoiona filamu hii nilitazama kitu kimoja, matita ya kuni. Wale watu wanakuja barazani na mizigo kichwani na hawaambiwi wateremshe. Mtu ambaye hajawahi kubeba hawezi kuliona hilo. Anayebeba hujua kwamba shingo ndiyo inayochoka kwanza, na kwamba ukiwa na mzigo kichwani huwezi kuinamisha uso wala kuuinua, unatazama mbele tu kama mtu asiye na maoni. Nikamwambia mke wangu, huyu aliyetengeneza hii amebeba.

Nikija, nikae na wavulana upande wa ngazi.

UkumbiWaJuu

Ahsanteni. Nimesoma kila neno, na la PwaniTu ndilo nililolisoma mara nyingi zaidi. Nawaletea nilichofanya.

Jumanne baada ya Alasiri nilikwenda kwa maalim, Mkanyageni, na kompyuta yangu kwenye mkoba na kisahani cha halua. Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Sikuitoa. Alinikaribisha barazani, akaniuliza hali ya mama, kisha akasema mwenyewe, "Umekuja kwa ajili ya sinema."

Nikamwomba radhi kwa kumwonyesha asichokipenda. Akanyamaza kidogo akanambia, "Mimi sikukuzimisha kwa ajili ya imamu. Ulipofika kwenye majina sauti yako ilikatika. Wewe hukujisikia, sisi tulikusikia. Na mimi namjua nyanyako, na najua waliokaa chumbani mle ni watoto wa nani." Akaanza kuwataja kwa vidole, bila majina, kwa viti: wa kiti kile babu zake walimiliki, wa kiti cha pili babu zake walimilikiwa na wale wale, na leo wamechumbiana. "Mambo haya yalisitiriwa ili watu waweze kuoana. Wewe ukiwa na maikrofoni mkononi ulikuwa unakaribia kuyafunua, na hukujua."

Neno sitara nimelisikia tangu nazaliwa. Sijawahi kulisikia likielezwa hivyo. Nilimjibu kwa adabu, lakini nilimjibu: maalim, sitara hii anasitiriwa nani? Nyanya alikufa akiogopa jina la mamake mzazi. Wa kiti cha kwanza hakuna anayemwambia usimtaje babu yako. Akanitazama muda mrefu. Akasema, "Washa."

Tukatazama pale pale barazani, kompyuta juu ya kibao cha mbuzi, mjukuu wake akitushikia waya wa chaji uliokuwa haufiki. Nilianza mwanzo, nikamtafsiria polepole. Kwenye majina hakusema kitu. Lakini ile sehemu aliyoitaja Mwalimu, wale ceddo wanaposhauriana juu ya kuwauza jamaa zao wapate silaha, alinishika mkono. "Rudisha." Nikarudisha. Tukaitazama mara ya pili. Hakunieleza kwa nini, na mimi sikumuuliza.

Mwisho ulipofika, binti na bunduki, niliogopa kumgeukia. Adhana ya Magharibi ikaanza msikiti wa karibu, nikazima sauti. Dior Yacine alitembea kuelekea kamera kimya kimya, na adhana yetu ikimpita. Maalim alingoja muadhini amalize, akajibu adhana, ndipo akasema, "Imamu yule mimi simfuati. Lakini namjua." Akaenda kutia udhu.

Aliporudi kutoka msikitini tulipanga. Anakubali nionyeshe yote, na atakaa mbele, na baada ya filamu yeye ndiye atakayesema kwanza. Atasoma aya ile ile aliyoitaja PwaniTu na kueleza kwamba imamu wa namna hiyo ameivunja, ili aliyekosekana ndani ya filamu awepo ndani ya chumba. PwaniTu, hilo ni lako, nimelichukua kwako na nimemwambia hivyo. Simu zote zitaingia kwenye kikapu mlangoni. Mzee wa Kengeleni amealikwa rasmi, na maalim mwenyewe amesema atamfungulia mlango. Tafadhali lete hicho cheti. Kuli, kiti chako upande wa ngazi kipo. Wiki ya kabla yake Mwalimu ataleta habari za Yusuf bin Hasan, na kibali nimekwisha kuanza kukiulizia.

Limebaki jina. Nilimuuliza maalim, je, naweza kumtaja Zafarani mbele ya watoto? Akasema, "Hilo si langu wala si lako peke yako. Waulize ndugu zako." Nikampigia dada yangu mkubwa, yuko Malindi. Nilimweleza yote. Alilia, kisha akakataa. Ana binti anayeposwa mwezi wa mfungo sita. Basi sitamtaja ukumbini. Hapa nimemtaja kwa kuwa hapa hamnijui, na kwa kuwa nilitaka walau pahali pamoja aandikwe.

Yule msichana nilimkuta jana kwa mama wa mahamri. Nikamwambia Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya Isha, tutaanza mwanzo mpaka mwisho. Akaniuliza kama anaweza kumleta nyanyake, ila ngazi zinamshinda. Nimewaomba wavulana wawili wampandishe na kiti.